Karatasi ya maabara imetaja bakteria usiyemjua? Isome hivi kabla hujakimbilia duka la dawa

Shangazi yangu wa Kiloleni alinipigia saa moja usiku, hata shikamoo hakusubiri niimalize. "Mwanangu, wameotesha mkojo wangu wamenikuta na mdudu, binti kamtafuta kwenye simu anasema ni mdudu wa kufa mtu." Nikamwambia nitumie picha ya karatasi. Ikaja, imekunjwa mara nne kama barua ya mahari, na jina lenyewe lilikuwa Acinetobacter spp.

Sasa binti wala hakudanganya. Ukilitafuta hilo jina unakutana na ile orodha ya Shirika la Afya Duniani ya bakteria sugu, ya 2017 na ya 2024 zote, na Acinetobacter baumannii asiyesikia antibaiotiki nzito za kundi la karbapenemu yumo kwenye daraja la juu kabisa. Tatizo ni kwamba wakati naongea na shangazi nilikuwa nasikia ungo, anapepeta karanga! Hana homa, hakojoi kwa maumivu, alikwenda kupima kwa sababu ya kiuno baada ya wiki mbili za kuvuna. Na tayari alikuwa kanunua sipro, ile antibaiotiki, dozi ya siku saba.

Mi kazi yangu ni maabara hapa hapa Tabora, na hii hadithi nakutana nayo kila mara kwa sura tofauti, kwahiyo naandika jinsi mimi mwenyewe ninavyoisoma karatasi ikija na jina geni. Haichukui nafasi ya daktari, ni ya kukufanya ufike kwa daktari ukiwa na maswali ya maana.

Hatua ya 1: jua kwanza ni kipimo cha aina gani

Watu wanasema tu "nimepima damu nimekutwa na bakteria" na hapo hapo tunapotea, maana kuna njia tatu ambazo hazifanani kabisa. Kuna kumtazama mdudu mwenyewe kwenye darubini. Kuna kutafuta alama zake au kinga ambayo mwili umeitengeneza dhidi yake, hapa ndo vipimo vingi vya haraka na Widal ya taifodi. Halafu kuna kuotesha, wengine tunaita kalcha, yaani sampuli inawekwa kwenye chakula cha bakteria, inaachwa kwenye joto la mwili usiku kucha au siku kadhaa, tunaona nani kaota.

Widal naomba niisemee kidogo kwa sababu imetutesa. Ni kipimo cha Mfaransa Fernand Widal, cha 1896, na kinapima kinga, mdudu mwenyewe hakimuoni. Ukishawahi kuumwa taifodi zamani, au umewahi kukutana na ndugu zake wa ukoo wa Salmonella, au hata una homa nyingine tu, kinaweza kuwaka. Kwahiyo ile karatasi ya 1:80 au 1:160 (yaani damu imezimuliwa mara 80 au 160 na kinga bado inaonekana) iliyopimwa mara moja haijakuambia una taifodi leo. Kwa taifodi kuotesha damu ni bora zaidi, japo nayo inawakosa karibu wagonjwa wanne kati ya kumi, na ukishameza antibaiotiki ndo inakosa zaidi. Hapa mtaani mtu akiumwa chochote anarudi na "taifodi na UTI" kama chapati na chai, nadhani unanielewa.

Hatua ya 2: angalia sampuli imetoka sehemu gani ya mwili

Mwili wa mtu mzima umebeba bakteria wanaokadiriwa trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli zake mwenyewe. Wako kwenye ngozi, mdomoni, ukeni, na wengi kabisa kwenye utumbo mpana. Kwahiyo ukioteshwa choo ukaambiwa ameonekana E. coli, hiyo ni sawa na kuambiwa Soko Kuu kumeonekana watu (zipo aina chache za E. coli zinazoharisha, ila hizo zinatafutwa kwa vipimo vyake). Ila damu, maji ya uti wa mgongo, na maji ya ndani ya kiungo kama goti, huko hatakiwi mtu. Akionekana hata mmoja tunasimama tunajiuliza. Mkojo uko katikati: kwenye kibofu mara nyingi una bakteria wachache sana, ila njiani unapopita wamejaa.

Hatua ya 3: uliza sampuli ilichukuliwaje, hapa ndo penye siri

Nilimuuliza shangazi, ulikojoa wapi? Akacheka, akaona namtania. Kumbe walimpa kikopo kisafi cha maabara akaenda nacho nyumbani, saa kumi na moja alfajiri akaona kile kikopo kidogo kitamsumbua, akachukua kopo la majarini, akalisuuza kwa maji ya kisima, akakojolea humo, ndo akamimina kwenye kikopo. Akakiweka kwenye mfuko, akapanda bodaboda, akapanga foleni, kikapokelewa saa mbili asubuhi. Huyo Acinetobacter nyumbani kwake ni wapi? Kwenye udongo na maji, na kwenye ngozi za watu pia anaishi kimya kimya. Basi jibu nusu nilishalipata.

Na yale masaa matatu yana hesabu yake. E. coli akipata joto na chakula cha kutosha anaweza kugawanyika kila dakika 20 hivi. Kwenye mkojo uliokaa mfukoni kasi inaweza kuwa ndogo kuliko hiyo, ila chukua hiyo kasi yake ya juu uone: masaa matatu ni migawanyiko tisa, kila mmoja anakuwa 512. Mkojo ulioanza na bakteria 300 kwa mililita, kiasi ambacho hakuna daktari angekijali, unafika maabara na 153,600. Na mpaka tunaotumia siku zote kusema "hapa pana maambukizi" ni 100,000 kwa mililita. Umeona? Hukuwa mgonjwa, mfuko wa plastiki ndo umekupa ugonjwa.

Mi mwenyewe nilishafanya dhambi hii. Nilipoanza kazi, asubuhi moja umeme umekatika friji halipozi, nikaziacha sampuli sita za mkojo dirishani nikaenda kunywa chai na vitumbua, stori zikanoga, nikarudi baada ya masaa mawili na kitu na jua lilikuwa limeshahamia pale pale kwenye trei. Nikazipanda hivyo hivyo kwenye sahani za kuoteshea bila kusema. Kesho yake sahani tano kati ya sita zimeota hadi pembeni. Mama mmoja mkuu wa zamu akaziangalia moja moja, akaniangalia na mimi, akauliza, "Hawa wote wamekunywa kisima kimoja?" Ilibidi niwapigie wagonjwa wote warudi, mmoja alikuwa ameshafika Sikonge.

Kwahiyo ukiambiwa ulete mkojo wa kuotesha, nawa mikono, jisafishe kwa maji (mwanamke kutoka mbele kwenda nyuma, mwanaume arudishe govi kama analo), acha mkojo wa kwanza uende chooni, kinga wa katikati moja kwa moja kwenye kikopo cha maabara, usiguse ndani ya kikopo wala ndani ya kifuniko. Ufike maabara ndani ya masaa mawili, ukishindwa uweke kwenye friji, usizidishe siku moja. Na kama chupa uliyopewa ina unga mweupe chini USIIOSHE, huo unga unawazuia bakteria wasizaliane njiani, kuna dada aliusugua kwa sabuni akaniletea chupa inang'aa.

Kwa mtoto mchanga mkojo uliokingwa na kile kimfuko cha kubandika ukiota kitu usiuamini sana, maana umegusa ngozi yote. Ukiwa msafi ndo jibu zuri.

Damu nayo ina mambo yake. Inatakiwa ngozi ipakwe spiriti iachwe ikauke kabisa, na kwa mtu mzima zitoke chupa mbili au zaidi kutoka sehemu mbili tofauti, mkono huu na mkono ule. Ukiona muuguzi anachoma kabla spiriti haijakauka una haki ya kusema, "Samahani dada, tusubiri kidogo ikauke." Kwa heshima tu, hakuna atakayekula.

Hatua ya 4: idadi, na waliokuja naye

Rudi kwenye karatasi. Tafuta namba na tafuta neno "mixed growth", maana yake wameota aina tatu au zaidi kwa pamoja, na hiyo karibu siku zote ni uchafu wa njiani. Halafu nenda kwenye sehemu ya darubini uone mistari miwili. "Pus cells" ni chembe za usaha, hao ni askari wa mwili wako: bakteria kama kweli amevamia, mara nyingi askari wapo. "Epithelial cells" ni seli za ngozi zilizobanduka, zikiwa nyingi ujue mkojo uligusa ngozi kabla ya kuingia kikoponi. Karatasi ya shangazi ilikuwa na aina tatu, seli za ngozi kibao, askari hakuna.

Ila usiishike hiyo 100,000 kama sheria ya Musa. Mwanamke anayekojoa kwa maumivu makali na usaha upo, hata 1,000 ya E. coli peke yake inaweza kuwa ndo ugonjwa wenyewe. Na kinyume chake, unaweza kuwa na bakteria wengi kwenye mkojo bila dalili yoyote, na wengi wa namna hiyo hawahitaji dawa. Isipokuwa mjamzito, yeye anatibiwa hata kama hana dalili kwa sababu maambukizi yanaweza kupanda kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati, na pia mtu anayesubiri upasuaji wa njia ya mkojo.

Hatua ya 5: sasa ndo usome jina

Watu wengi wanaanzia hapa, mi nakuambia ije ya tano.

Jina la bakteria lina sehemu mbili, la kwanza la ukoo, la pili la kwake. Ukiona "spp." ujue tumefika kwenye ukoo tu. Kwahiyo binti aliposoma habari za baumannii alikuwa anasoma kesi ya ndugu mmoja, na karatasi haikumtaja huyo. Na hata angekuwa ndo yeye, Acinetobacter kwa mgonjwa aliyelala wiki tatu chumba cha mahututi na mpira kooni ni habari nyingine kabisa na Acinetobacter kwenye kikopo cha mama aliyekuja na bodaboda.

Utaona pia "Gram positive" au "Gram negative". Hayo si matokeo mazuri na mabaya kama ya ukimwi au ya mimba! Ni rangi. Mdenmark Hans Christian Gram mwaka 1884 aligundua kuwa ukiwapaka bakteria rangi ya zambarau ukaisuuza, wengine wanaing'ang'ania na wengine wanaiachia, na hao siku hizi tunawapaka rangi ya pili wanaonekana pinki. Wa zambarau ndo positive, wa pinki ndo negative. Inamsaidia daktari kuchagua dawa, basi.

Kwenye damu, wapo ambao mara nyingi wametoka kwenye ngozi wakati wa kuchoma sindano: Staphylococcus epidermidis na jamaa zake, Micrococcus (anaota rangi ya njano nzuri kama kiini cha yai la kienyeji), Corynebacterium, Cutibacterium, Bacillus. Kati ya chupa mbili akiota kwenye moja tu, na mgonjwa anaendelea vizuri, tunashuku ngozi. Akiota kwenye zote mbili, au mgonjwa ni mtoto njiti, au ana mpira wa muda mrefu kwenye mshipa, au valvu ya bandia kwenye moyo, hapo hatuchezi, epidermidis huyo huyo mpole anageuka kuwa mwizi wa ndani. Tena kuna binamu yake, Staphylococcus saprophyticus, anafanana na hao wa kwenye ngozi, ila kwenye mkojo wa msichana mwenye dalili ni UTI halisi.

Halafu wapo ambao hata akiota kwenye chupa moja hatuiti uchafu mpaka ithibitike vinginevyo: Salmonella, Streptococcus pneumoniae, Staphylococcus aureus, E. coli kwenye damu, na Brucella, huyu wa maziwa mabichi na kumsaidia ng'ombe aliyeharibu mimba, anaota taratibu sana kwahiyo kama unachunga au unakunywa maziwa yasiyochemshwa waambie maabara mapema wasitupe chupa haraka na wao wenyewe wajikinge, ni rahisi kuambukizwa naye kwenye meza ya maabara. Na Vibrio cholerae kwenye choo haina mjadala, akionekana mmoja tu taarifa inapanda juu siku hiyo hiyo, walioshuhudia Kagunga kule Kigoma mwezi wa tano 2015, wakimbizi kutoka Burundi wamejazana ufukweni mwa ziwa na kipindupindu kimeingia, hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Yupo na mmoja anaitwa Chromobacterium violaceum, wa maji na udongo wa nchi za joto, anaota zambarau kama wino umemwagika. Anaingia kwa kidonda kilichoguswa na maji au matope, ni nadra sana lakini akiingia kwenye damu anaua haraka. Sijawahi kumuotesha kwenye sahani yangu, namjua kwa picha tu.

Hatua ya 6: kuna wakati kitu adimu ndo chenyewe

Nisije nikakufanya uone kila jina geni ni uchafu. Kwa sisi wa Tabora mfano ni papasi. Wazee wanawajua, wale kupe laini wanaokaa kwenye nyufa za nyumba za udongo na vumbi la sakafu, wanatoka usiku wanakunywa damu wanarudi, asubuhi hujui kama uliumwa. Wanabeba Borrelia duttonii, bakteria wa homa ya papasi, aliyepewa jina la Mwingereza Joseph Everett Dutton aliyekuwa anauchunguza huo ugonjwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huko Kongo, ukamuua mwenyewe 1905 pale Kasongo.

Homa yake inakuja kali siku chache, inapotea, unajiona umepona, baada ya wiki hivi inarudi. Kila mtu anadhani malaria. Unapimwa kile kipimo cha haraka cha malaria, kinasema hakuna, na kweli hakuna, kwa sababu kinatafuta protini za malaria peke yake, hata damu ijae Borrelia hakiwezi kumuona. Anayeweza kumuona ni mtu aliyekaa na slaidi ya damu na darubini. Mi nilimpata kwa kijana mmoja kutoka vijijini Uyui, vipimo vya haraka vitatu havijaonyesha kitu, dawa ameshakunywa za kila rangi. Natafuta malaria kwenye slaidi, naona kama uzi mwembamba uliojikunja-kunja katikati ya chembe nyekundu, nikadhani ni unyuzi wa pamba. Nikasogeza slaidi, mwingine. Nikasogeza tena, wawili wamelala pamoja. Nikamwita mwenzangu aangalie kabla sijaandika.

Kwahiyo kama homa yako inaenda na kurudi na malaria haionekani, omba slaidi, na uende siku homa ikiwa imepanda, ikishatulia hao nyuzi wanapungua kwenye damu kiasi kwamba tunaweza kuwakosa. Taja kuwa unalala nyumba yenye papasi. Dawa zake zipo na ni za kawaida, doksisaiklini kwa mfano, ila dozi ya kwanza inaweza kuleta tetemeko na homa kali ndani ya masaa machache wakati bakteria wanakufa kwa wingi, ndo maana ni vizuri uinywe ukiwa kituoni sio kwenye basi la kurudi kijijini.

Hatua ya 7: zile S na R

Chini ya jina utaona orodha ya dawa na herufi. Tunachofanya ni kumpaka bakteria kwenye sahani nzima, tunaweka vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa, kesho yake tunapima kwa rula pete iliyobaki wazi kuzunguka kila kidonge. Pete kubwa S, dawa inamuweza. Kaota mpaka amegusa karatasi, R, hiyo dawa anaichezea. Katikati I, muachie daktari. Dawa yenye S sio ruhusa ya kwenda kuinunua, maana kama bakteria mwenyewe ni wa kwenye kopo la majarini unatibu kopo.

Na "no growth" haimaanishi siku zote huna kitu. Kama ulimeza amoksi mbili jana yake, sema! Hatukuripoti popote.

Hatua ya 8: maswali ya kwenda nayo

Muulize daktari hivi: huyu bakteria anaendana na dalili zangu? Sampuli inaweza kuwa ilichafuka? Turudie kabla ya dawa au nianze dawa wakati tunarudia? Hilo la tatu lina uzito wake, kwa sababu mtu mwenye homa kali na kutetemeka, anayehema haraka, aliyechanganyikiwa, shingo imekaza, mtoto mchanga asiyenyonya, hao hawasubiri karatasi irudiwe, sampuli inachukuliwa na dawa inaanza hapo hapo. Karatasi ya zamani usiitupe, ipige picha pande zote mbili.

Shangazi alirudia wiki iliyofuata, safari hii nilimpa kikopo mimi na nikamwambia akojoe hapo hapo maabara, akanung'unika kwamba mkojo hauji kwa kuamrishwa. Ulikuja. Hakuna kilichoota. Kiuno kilipona kwa kupumzika. Nikamuuliza zile sipro ziko wapi maana nilishamwambia asizinywe, akaniambia kwa sauti ya mtu ambaye hajaharibu hela, "Niliwasagia kuku." Wanaumwa? "Hapana, wazima kabisa."